Prednisoloni na Askari wa Damu: Kwa Nini Karatasi ya Maabara Yaweza Kumpoteza Mfanyakazi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za ziada, nyumba za kambi na mikataba. Safari hii tunazungumza juu ya kidonge kimoja kidogo ambacho wenzetu wengi hupewa hospitalini bila kuelezwa kazi yake. Fundi wa kiwanda cha nyuzi ambaye vumbi la pamba limemzidishia pumu hupewa. Mchuma pareto ambaye ngozi ya mikono imemvimba na kumwasha hupewa. Mama wa shamba la chai mwenye baridi yabisi ya vidole hupewa. Jina la kidonge hicho ni prednisoloni. Ndugu zake ni deksamethasoni, haidrokotisoni na betamethasoni. Kwa jina la ukoo madaktari huziita kotikosteroidi, na watu wengi husema steroidi tu.

Mtu akimeza dawa hii halafu akapimwa damu, karatasi ya maabara hutoka na hesabu ngeni. Chembe za aina moja zimezidi, za aina nyingine zimepungua. Mmoja ataambiwa ana maambukizo, kumbe hana. Mwingine ataambiwa ni mzima kwa sababu hana homa, kumbe ndani ya mwili ugonjwa unachimba. Katika hali zote mbili anayepata hasara ni mfanyakazi. Ama atatoa fedha kununua dawa asizohitaji, ama atarudishwa zamu akiwa mgonjwa.

Mimi si daktari, na elimu yangu ni ya shule ya msingi. Lakini jambo hili linaeleweka likisemwa kwa lugha ya kawaida, na mtu akilielewa aweza kuokoa maisha yake au ya mwenzake.

DAWA HII IMETOKA WAPI

Kila mtu ana tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo, mfano wa kofia. Zinaitwa tezi za adrenali. Tezi hizo hutengeneza homoni iitwayo kotisoli. Hutolewa kwa wingi karibu na asubuhi, mtu anapokaribia kuamka, na usiku hupungua. Kotisoli husaidia kushika nguvu ya damu na kiasi cha sukari mwilini, humwezesha mtu kustahimili ugonjwa na jeraha, na vile vile hutuliza askari wa mwili wasipigane kupita kiasi.

Mwaka 1948, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench alimdunga mama mmoja mwenye baridi yabisi kali dawa iliyotokana na utafiti wa mwenzake Edward Kendall juu ya tezi hizo. Dawa hiyo iliitwa kotisoni. Baada ya siku chache mama yule, ambaye kutembea kulikuwa kumemshinda, alitembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeusz Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel. Watu walidhani wamepata dawa ya kila kitu. Haikuchukua muda kabla ya kuona kwamba dawa hiyo ina malipo yake.

Prednisoloni ni dawa ya kiwandani iliyofanywa kwa mfano wa kotisoli, ila ina nguvu zaidi. Kotisoli yote ambayo mwili hutengeneza kwa siku moja ni sawa na miligramu 5 hivi za prednisoloni. Mgonjwa wa pumu iliyomshika vibaya aweza kupewa miligramu 40 kwa siku. Hiyo ni mara nane ya kiasi ambacho mwili wenyewe ungejipa.

Tusichanganye dawa hii na steroidi nyingine ambazo baadhi ya wanamichezo huzitumia kutunisha misuli. Hizo ni za ukoo mwingine na kazi yake ni nyingine. Prednisoloni haijengi misuli. Ikitumiwa muda mrefu huidhoofisha.

ASKARI WA DAMU NI AKINA NANI

Damu yetu ina chembe nyekundu, ambazo hubeba hewa, na chembe nyeupe, ambazo ni askari. Katika tone dogo sana la damu, lenye ukubwa wa milimita moja ya ujazo, mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Askari hao wana vikosi mbalimbali.

Kikosi cha kwanza ni nyutrofili. Hao ndio wengi, aghalabu zaidi ya nusu. Kazi yao ni kukimbilia jeraha na kumeza vijidudu. Usaha unaouona kwenye kidonda ni maiti za nyutrofili kwa sehemu kubwa. Maisha yao ni mafupi, nao uboho wa mifupa hutengeneza wapya karibu bilioni 100 kila siku.

Kikosi cha pili ni limfosaiti. Hao wana kumbukumbu. Humtambua adui aliyewahi kuingia, huwaongoza wengine, na huwazuia maadui wa muda mrefu, kama viini vya kifua kikuu, wasitoke mahali walipofungiwa.

Kikosi cha tatu ni monosaiti. Huzunguka katika damu, kisha huingia katika nyama za mwili na kuwa wala-uchafu wakubwa. Kikosi cha nne ni eosinofili. Ni wachache, lakini huongezeka mtu akiwa na minyoo ya aina fulani, au pumu na mizio. Wako pia wengine, wachache zaidi ya hao.

Sasa yafaa tuelewe jambo moja kabla ya kwenda mbele. Fikiria shamba lenye wafanyakazi wengi, na karani ameketi langoni akihesabu wanaopita. Hesabu yake ni ya wale wa langoni tu. Waliolala kambini, walio katika vipando vya mbali na walio kiwandani hawamo katika daftari lake. Kipimo cha damu ni karani wa langoni. Katika limfosaiti wote wa mwili, walio ndani ya damu kwa wakati mmoja ni karibu 2 tu katika kila 100. Wengine wako katika tezi za limfu, wengu, utumbo na uboho. Nyutrofili nao, karibu nusu ya wale walio ndani ya mishipa wameegemea kuta za mishipa wakisubiri kuitwa, wala hawaonekani katika tone linalopimwa.

SAA CHACHE BAADA YA KUMEZA

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyakazi ana chembe nyeupe 7,000 katika tone letu: nyutrofili 4,200, limfosaiti 2,100, monosaiti 400, eosinofili 300. Saa mbili asubuhi anameza prednisoloni miligramu 40. Kati ya saa sita na saa nane mchana tunachukua damu tena. Twaweza kukuta nyutrofili 8,200, limfosaiti 900, monosaiti 150, eosinofili 50. Jumla ni 9,300. Watu hawalingani, na hesabu hii ni mfano tu, lakini mwelekeo ndio huo: nyutrofili hupanda, wengine wote hushuka.

Je, mwili umezaa askari 4,000 wapya katika kila tone kwa muda wa nusu siku? Sivyo. Mambo matatu yametokea. Kwanza, nyutrofili walioegemea kuta za mishipa wamebanduka na kuingia katika mkondo wa damu, kwa hiyo sasa wanahesabiwa. Pili, uboho umefungua ghala na kutoa waliokuwa akiba. Tatu, walio katika damu hawatoki kwa wepesi kwenda mahali penye jeraha, na kifo chao kimecheleweshwa. Kwa hiyo langoni pamejaa watu, lakini kazini watu ni wachache. Karatasi inasema askari wameongezeka, huku kidonda mguuni kikikosa askari.

Na limfosaiti 1,200 waliopungua, je, wamekufa? Wengi wao hawakufa. Wamehama. Wametoka katika damu wakaenda kukaa penginepo, hasa katika uboho. Mwaka 1974 madaktari Anthony Fauci na David Dale wa Marekani walichapisha utafiti waliowadungia haidrokotisoni watu wenye afya waliojitolea. Limfosaiti katika damu walishuka hadi chini kabisa baada ya saa 4 hadi 6, na baada ya saa 24 walikuwa wamerudi. Waliopungua zaidi ni wale wa aina ya T, ambao ndio viongozi wa vita dhidi ya viini vya muda mrefu.

Lakini tusijidanganye kwamba ni kuhama tu. Dozi ikiwa kubwa na ikaendelea kwa majuma na miezi, baadhi ya limfosaiti hufa kweli, na waliobaki hufanya kazi kwa ulegevu. Monosaiti nao hupoteza makali ya kula vijidudu.

NDANI YA CHEMBE MAMBO YANAKWENDAJE

Kila chembe nyeupe ina kiini, na katika kiini yamo maagizo yote ya kazi, kama vile ofisi ya kiwanda ilivyo na vitabu vya maagizo. Dawa hii ni ya mafuta-mafuta, kwa hiyo hupenya ukuta wa chembe bila taabu. Ndani hukutana na kipokezi kinachoifaa kama ufunguo na kufuli. Vikishikamana, huingia pamoja katika kiini na kubadilisha maagizo. Maagizo ya kutengeneza kemikali za kuita vita, yaani zile zinazoleta uvimbe, joto, wekundu na maumivu, hupunguzwa. Maagizo ya kutuliza huongezwa. Ndiyo maana dawa haifanyi kazi yake yote papo hapo. Huhitaji saa kadhaa.

Angalia vizuri: uvimbe, joto, wekundu na maumivu ndizo kengele za mwili. Dawa imezima kengele. Ikiwa kengele ilikuwa ikilia bure, hilo ni jambo jema. Ikiwa ilikuwa ikilia kwa sababu nyumba inaungua, hapo ndipo hatari ilipo.

KENGELE IKILIA BURE

Katika pumu, njia za pumzi huvimba kwa kupigana na vumbi ambalo si adui wa kuua. Katika baridi yabisi, askari hushambulia viungo vya mwenyewe. Hapo prednisoloni huokoa, na asiwepo mtu wa kutoka na gazeti hili akisema chama kimekataza dawa. Pumu kali bila dawa hii yaweza kuua.

Ugonjwa wa Korona ulitufundisha mpaka wa dawa hii ulipo. Mwezi Juni mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio lililoitwa RECOVERY, lililolinganisha wagonjwa zaidi ya 6,000. Deksamethasoni miligramu 6 kwa siku ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wale waliokuwa wakipumuliwa na mashine, na kwa karibu moja ya tano kwa wale waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwa na faida yoyote. Dawa ni ile ile na ugonjwa ni ule ule. Kilichotofautiana ni hali ya mgonjwa. Mahututi alikuwa akiuawa na vita vya askari wake mwenyewe, na mwenye ugonjwa mwepesi alikuwa bado anawahitaji askari hao.

Mfano mwingine ni malaria iliyopanda kichwani. Kwa miaka mingi baadhi ya madaktari waliwapa wagonjwa hao deksamethasoni wakitumaini itapunguza uvimbe wa ubongo. Mwaka 1982 majaribio yaliyofanywa Thailand yalichapishwa, yakaonyesha kwamba dawa hiyo haikupunguza vifo, na walionusurika walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu. Kwa hiyo si kila uvimbe na kila homa hutakiwa steroidi. Anayeamua ni tabibu aliyempima mgonjwa. Muuza duka asiamue, wala jirani aliyebakiwa na vidonge.

NYUMBA IKIWAKA NA KENGELE IMEZIMWA

Katika tawi moja nililolihudumia, mwenzetu wa mashine za kusokota nyuzi alikuwa akimeza prednisoloni kwa miezi. Akaanza kukohoa, akakonda, akasema hana nguvu. Alipokwenda kuomba ruhusa aliwekewa kipimajoto mdomoni, kikaonyesha joto la kawaida. Msimamizi akasema, “Huna homa, rudi kwenye mashine.” Hakuna aliyemwuliza anameza dawa gani. Baadaye makohozi yalipopimwa alikutwa na kifua kikuu. Simtaji mwenye kiwanda, kwa maana shabaha yangu si ugomvi. Shabaha ni kila mwakilishi wa wafanyakazi ajue kwamba kwa mtu anayemeza dawa hii, kukosa homa si ushahidi wa uzima.

Kifua kikuu ndicho cha kwanza kukumbuka. Watu wengi katika nchi zetu wana viini vyake mapafuni vilivyolala, vimefungiwa na limfosaiti na wenzao. Walinzi wakilegezwa, wafungwa hutoka. Madaktari huwa waangalifu hasa mtu anapomeza prednisoloni miligramu 15 au zaidi kila siku kwa mwezi mmoja au zaidi. Kipimo cha kifua kikuu cha kudunga kwenye ngozi ya mkono nacho chaweza kukosa kuvimba, kwa kuwa uvimbe huo huletwa na limfosaiti hao hao.

La pili linawahusu sana ndugu zetu wa mashambani. Kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidi. Huishi katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, na huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu. Tofauti yake na minyoo mingine mingi ni kwamba huweza kuzaliana na kujiambukiza upya ndani ya mtu yule yule, mwaka baada ya mwaka. Askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili, wakalazimishwa kujenga reli kati ya Thailand na Burma, walikutwa bado wanao zaidi ya miaka 30 baada ya kurudi kwao. Mtu mwenye mnyoo huu aweza kuishi akijikuna tu na kuumwa tumbo mara moja moja. Lakini akipewa steroidi, ulinzi unaoshika minyoo hiyo huondoka, nayo huongezeka kwa maelfu, hutoboa utumbo, huingia mapafuni na kubeba bakteria za utumbo hadi kwenye damu. Wengi waliofikia hali hiyo walikufa. Na karatasi ya maabara haitoi onyo, maana eosinofili, ambao kwa kawaida wangepanda na kumfanya daktari auulize mnyoo, wameshushwa na dawa. Kwa hiyo inafaa uulizwe kabla ya kuanza: je, unafanya kazi peku kwenye udongo? Ipo dawa ya mnyoo huu, iitwayo ivamektini, na hutolewa kwa maagizo ya tabibu.

La tatu ni vidonda, majipu na nimonia. Kwa kuwa nyutrofili hawafiki kwa wingi mahali pa jeraha, kidonda huchelewa kupona na huenda kisivimbe wala kuwa chekundu kama kawaida. Mkato wa panga unaoonekana mdogo na mkavu usiudharau.

La nne ni sukari. Dawa hii hupandisha sukari katika damu, na sukari nyingi nayo hudhoofisha askari. Mwaka 2021 huko India wagonjwa wengi wa Korona walishikwa na kuvu lililokula pua na macho. Wengi wao walikuwa na kisukari na walikuwa wamepewa steroidi.

NAMNA YA KUSOMA KARATASI

Basi ukipimwa damu unapotumia dawa hii, jambo la kwanza ni kumwambia anayechukua damu: unameza nini, miligramu ngapi, tangu lini, na leo umemeza saa ngapi. Damu iliyochukuliwa kabla ya kumeza asubuhi na iliyochukuliwa adhuhuri yaweza kutoa hesabu tofauti kwa mtu yule yule siku ile ile.

Chembe nyeupe zikiwa nyingi, huenda ni dawa tu. Katika matibabu ya muda mrefu hesabu yaweza kubaki juu kwa majuma mengi, na kwa wengine imepita hata 20,000 bila maambukizo. Fundi wa maabara mwenye uangalifu hatazami jumla peke yake. Hutazama kwa darubini kama kuna nyutrofili wachanga wengi waliotolewa kabla ya kukomaa. Wakiwa wengi, huenda mwili uko vitani kweli. Wale wanaopimwa hesabu ya CD4 nao waseme kwamba wanameza steroidi, kwa maana CD4 ni limfosaiti wa aina ya T, na hesabu yao yaweza kushuka kwa sababu ya dawa.

USIACHE GHAFLA

Baadhi ya watu wakisikia hatari hizi watakwenda kutupa vidonge chooni leo hii. Hilo ni kosa kubwa zaidi. Mtu akimeza dawa hii kwa majuma matatu au zaidi, tezi zake za adrenali huona kazi inafanywa na mwingine, nazo hulala. Akiacha ghafla, mwili hubaki bila kotisoli ya kutosha. Atalegea, atatapika, atapata kizunguzungu, nguvu ya damu itaanguka, na aweza kufa. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo ya tabibu mpaka tezi ziamke. Mwenye kutumia dozi fupi ya siku tano kwa ajili ya pumu kwa kawaida hana shida hiyo, ila amalize kama alivyoagizwa.

Dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo ni nafuu zaidi kwa upande huu, kwa sababu kiasi kidogo tu hufika kwenye damu. Ukimaliza kuvuta, sukutua kwa maji uteme, ili kuvu lisiote mdomoni. Dawa ya kupaka hukaa zaidi kwenye ngozi, lakini ikiwa kali na ikapakwa mwili mzima kwa miezi, nayo huingia mwilini.

Na hapa niseme wazi juu ya biashara moja. Mjini Kinshasa, na hata katika masoko mengine, watu hununua deksamethasoni ili wanenepe, na krimu zenye steroidi ili weupe uonekane. Uso wa mviringo anaoupata mtu huyo si afya. Ni maji, na mafuta yaliyohamishwa kutoka mahali pake, huku mifupa ikipungua nguvu na askari wake wakiwa wamelegezwa. Anamlipa muuzaji ili amzimie kengele.

TUFANYE NINI KAZINI

Moja. Kila anayemeza dawa hii aandikiwe kwenye karatasi au daftari lake la zahanati jina la dawa, kiasi na tarehe ya kuanza, akae nayo mfukoni. Nchini Uingereza wagonjwa hupewa kadi maalum ya namna hiyo. Sisi kipande cha karatasi chenye mhuri wa zahanati kinatosha. Akianguka mashineni, atakayempokea atajua.

Mbili. Kimeze asubuhi, baada ya chakula, isipokuwa tabibu ameagiza vingine. Hivyo ndivyo mwili wenyewe unavyotoa kotisoli, na usingizi wa usiku hauharibiki sana.

Tatu. Ukiwa na kikohozi cha majuma mawili, kupungua uzito, kuhara, kidonda kisichopona au ulegevu mpya, nenda ukapimwe hata kama huna homa. Ukikutana na mgonjwa wa tetekuwanga au surua, mwambie tabibu mapema.

Nne. Kabla ya chanjo yoyote, hasa ya homa ya manjano au surua, sema kwamba unatumia steroidi. Chanjo hizo zina virusi hai vilivyodhoofishwa, na hazifai kwa mtu anayemeza dozi kubwa.

Tano. Mwakilishi wa wafanyakazi adai kwamba cheti cha tabibu kiheshimiwe, wala kipimajoto cha msimamizi kisitumike kukitangua. Msimamizi hana haja ya kujua jina la ugonjwa. Inatosha kujua kwamba mtu huyu asipangwe penye vumbi au apewe kazi nyepesi kwa muda ulioandikwa.

Sita. Tudai viatu vya mpira, glavu, vyoo na maji katika mashamba, na mashine za kunyonya vumbi viwandani. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi fedha. Wawakilishi waulize kama nchi yao imeuridhia, na waupeleke mezani wakati wa majadiliano.

Hilo la sita ndilo mzizi. Vumbi likipungua, pumu itapungua, na vidonge vitapungua. Lakini hadi siku hiyo wako wenzetu ambao wataingia zamu ya leo wakiwa wamemeza kidonge hicho asubuhi. Mwakilishi wa kila idara aanze na kazi ndogo juma hili: awaulize taratibu wenzake wa idara yake ni nani anayekitumia, kisha ahakikishe kwamba zahanati imeliandika jambo hilo.